Programu huria ndani ya kampuni: nani anajua kilichomo?

Mwaka 2003 kampuni ya Cisco ilinunua Linksys, watengenezaji wa ruta za nyumbani, kwa takriban dola milioni 500. Mwaka huohuo watu wenye mazoea ya kupekua vifaa waone jinsi vinavyofanya kazi waligundua kwamba ruta moja ya Linksys iliyouzika sana, WRT54G, ilikuwa inaendeshwa na Linux, mfumo endeshi huria, pamoja na programu nyingine zilizotolewa kwa leseni ya GPL. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote kutumia programu, kuibadilisha na hata kuiuza, kwa sharti kwamba anayeipokea apewe pia haki ya kupata msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na wasanidi. Wanunuzi wa ruta hawakuwa wamepewa.

Ukiitazama safari ya msimbo huo utaelewa kwa nini. Linksys ilinunua chipu kutoka kwa kampuni ya Broadcom, na chipu ilikuja na programu yake. Cisco nayo ikainunua Linksys nzima, pamoja na kila kilichokuwa ndani ya bidhaa zake. Katika mnyororo huo kila aliyepokea alidhani aliyemtangulia ameshakagua. Msimbo ulitolewa hadharani baadaye, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt ambao hadi leo unatumika kwenye ruta za aina nyingi. Lakini malalamiko juu ya bidhaa nyingine yaliendelea, na Desemba 2008 wakfu wa Free Software Foundation, unaotetea programu huria, uliishtaki Cisco. Mei 2009 pande mbili zilipatana: Cisco ilikubali kuuchangia wakfu fedha, na kumteua mtu maalumu wa kusimamia utekelezaji wa leseni hizo upande wa Linksys.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalonivutia kuliko fedha. Baada ya miaka mitano ya mabishano, dawa iliyokubaliwa ilikuwa kumpa mtu mmoja kazi ya kujua. Ukichunguza karibu kila msukosuko mkubwa uliowahi kuzikumba kampuni kwa sababu ya programu huria, utakuta chini yake pengo lilelile: hapakuwa na mtu ambaye ilikuwa kazi yake kujua kilichomo, kilitoka wapi, kinakuja na masharti gani, na nani anakitunza.

Huria si bure

Kiingereza kimewasumbua watu wa fani hii kwa miaka mingi kwa kutumia neno moja kumaanisha kitu kisicho na bei na kitu kilicho huru. Sisi tuna maneno mawili. Programu ya bure ni ile usiyoilipia. Inaweza kuwa imefungwa kabisa usiione ndani. Programu huria ni ile uliyopewa haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kuigawa, iwe kama ulivyoipata au kama ulivyoibadilisha. Mwanaprogramu Richard Stallman alianza kampeni ya programu huria mwaka 1983 kwa GNU, mradi wa kuandika mfumo endeshi huria, leseni ya GPL ikatoka 1989, Linux ikaanza 1991, na mwaka 1998 kundi jingine likalitangaza jina la chanzo huria ili wazo lipokelewe na wafanyabiashara.

Wafanyabiashara hawakulipokea kwa mikono miwili. Mwaka 2001 Steve Ballmer, akiwa mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2018 Microsoft hiyohiyo ililipa dola bilioni 7.5 kuinunua GitHub, mahali ambapo sehemu kubwa ya programu huria duniani inahifadhiwa. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa na Linux. Kwa hiyo kampuni inayojiuliza leo kama itumie programu huria au isitumie inajiuliza swali lililokwisha kujibiwa bila yenyewe kuulizwa. Programu huria imo kwenye simu za wafanyakazi, kwenye seva, ndani ya mfumo wa mahesabu ulionunuliwa kwa fedha nyingi, na ndani ya kila programu ambayo wasanidi wa kampuni wanaiandika.

Mlango usio na mlinzi

Kampuni nyingi zina utaratibu mkali wa manunuzi. Ukitaka kiti kipya utajaza fomu, utaleta ankara tatu za wauzaji, na meneja atatia sahihi. Programu huria haipiti mlango huo. Msanidi anaandika amri moja kwenye kompyuta yake, na katika sekunde chache maktaba aliyoitaka, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili utumiwe ndani ya programu nyingine, imeingia. Hakuna fedha iliyotoka, kwa hiyo hakuna mhasibu aliyeona. Hakuna mkataba uliotiwa sahihi, kwa hiyo mwanasheria hakuitwa. Hata hivyo mkataba upo, ndiyo ile leseni.

Tena maktaba haiingii peke yake. Ile uliyoiomba inahitaji nyingine tano, nazo zina zao, na kila ngazi inaongeza. Vitegemezi hivi vya ngazi ya tatu au ya nne ndivyo visivyojulikana na mtu yeyote katika kampuni, hata aliyeandika ile amri. Machi 2016 msanidi mmoja, baada ya mgogoro juu ya jina la programu yake, aliondoa maktaba zake zote kwenye hazina ya npm inayotumiwa na waandishi wa JavaScript. Mojawapo iliitwa left-pad. Ilikuwa na mistari 11, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au herufi upande wa kushoto wa neno. Maelfu ya miradi ilikwama kuundwa siku hiyo, mingi yao ikiwa haijawahi kusikia jina left-pad. Waendeshaji wa hazina walilazimika kuirudisha maktaba ile ili watu wafanye kazi.

Kujua ulicho nacho

Mwaka 2017 shirika la Equifax la Marekani, linalotunza taarifa za mikopo za watu, lilidukuliwa na taarifa za watu takriban milioni 147 zikachukuliwa. Wadukuzi walipitia mwanya uliokuwa kwenye Apache Struts, programu huria ya kujengea tovuti. Wengi waliosikia habari hiyo walihitimisha kwamba programu huria si salama. Tarehe zinasema vingine. Watunzaji wa Struts walitoa marekebisho tarehe 7 Machi. Siku mbili baadaye tangazo la ndani lilisambazwa Equifax kuwataka wahusika wasasishe. Wadukuzi walianza kuchota taarifa katikati ya Mei, zaidi ya miezi miwili baada ya dawa kupatikana. Tangazo halikumfikia aliyepaswa kulifanyia kazi, na ukaguzi wa kompyuta uliofanywa kutafuta Struts haukuiona pale ilipokuwa. Shirika lilikuwa na dawa mkononi na halikujua mgonjwa amelala chumba gani. Mwaka 2019 lilikubali kulipa fidia na faini zinazoweza kufika dola milioni 700.

Miaka minne baada ya udukuzi wa Equifax somo lilirudi kwa ukubwa zaidi. Log4j ni maktaba ya lugha ya Java inayofanya kazi isiyo na mvuto wowote: kuandika kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu. Desemba 2021 ilibainika kwamba mtu akiandika maneno fulani mahali popote ambapo programu ingeyanukuu kwenye kumbukumbu zake, hata kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, maktaba hiyo ingeweza kwenda kwenye seva ya mbali, kuchukua msimbo wa huko na kuuendesha. Kwa kipimo cha hatari kinachoishia 10, mwanya huo ulipewa 10.

Watu wa usalama wa mitandao hawakulala wiki hizo, na muda wao mwingi haukwenda kwenye kurekebisha. Ulikwenda kwenye kutafuta. Log4j ilikuwa imefichwa ndani ya faili lililofungwa ndani ya faili jingine, ndani ya bidhaa iliyonunuliwa kwa muuzaji ambaye naye hakuwa na uhakika. Kisha marekebisho ya kwanza yakaonekana hayatoshi, likatoka toleo jingine, na jingine, hivyo waliokuwa wamemaliza wakaanza upya. Kampuni zilizokuwa na orodha ya vitegemezi vyao ziliuliza orodha na kupata jibu. Zisizokuwa nayo zilituma barua pepe kwa kila timu na kusubiri.

Orodha hiyo ina jina rasmi katika fani, lakini maana yake ni nyepesi: orodha ya viambato vya programu. Inataja kila kijenzi, toleo lake, kilikotoka na leseni yake, kwa mpangilio unaosomeka na mashine. Mipangilio miwili inatumika sana, SPDX na CycloneDX. SPDX imekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2021. Mwaka huohuo amri ya rais wa Marekani iliweka msingi wa kuwataka wanaoiuzia serikali ya nchi hiyo programu watoe orodha za namna hii.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa zana za ukaguzi huwa hawalisisitizi. Orodha iliyotengenezwa mara moja ili kumridhisha mkaguzi, kisha ikawekwa kabatini, haina thamani baada ya wiki chache, kwa sababu programu yenyewe imeshabadilika. Orodha yenye faida huzalishwa upya kila mara programu inapoundwa, bila mkono wa mtu, na huhifadhiwa mahali ambapo swali kama «tuna Log4j wapi, na toleo gani?» linajibiwa kwa dakika chache. Kampuni yenye fedha ya kufanya jambo moja tu katika yote ninayoyaeleza hapa, ningeishauri ianze na hili.

Leseni: swali ni lini, kabla ya kuwa nini

Kuna leseni za programu huria zaidi ya mia moja, lakini nyingi unazokutana nazo kazini zinaingia kwenye mafungu mawili. Fungu la kwanza ni leseni za ruhusa pana: MIT, BSD, Apache. Hizi zinakuambia fanya utakalo, mradi ubakize jina la mwenye hakimiliki na maandishi ya leseni. Apache toleo la 2.0 inaongeza ulinzi wa hataza, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi: aliyechangia msimbo anakupa pia ruhusa ya kutumia hataza zake zinazohusika na mchango huo. Fungu la pili ni leseni zinazorithisha uhuru. GPL ndiyo mama yao: ukisambaza programu iliyojengwa juu ya msimbo wa GPL, nayo lazima iende kwa wapokeaji kwa masharti yaleyale, pamoja na msimbo wake. LGPL na MPL zinarithisha kwa kiasi kidogo zaidi. AGPL inarithisha kwa mkono mrefu zaidi.

Watu wengi wanajifunza mafungu haya kisha wanaanza kuogopa GPL kama moto. Wanasahau neno linalobeba uzito wote: kusambaza. Benki inayotumia programu ya GPL kwenye seva zake, ikaibadilisha inavyotaka na isimpe mtu yeyote wa nje nakala, haidaiwi kitu. Wajibu unaamka nakala inapovuka mpaka wa kampuni. Ndiyo maana swali la kwanza la mwanasheria anayeijua kazi hii huwa ni «mnaitumia wapi?» kabla ya «leseni gani?». Programu ya ndani ni jambo moja. Programu ya simu inayopakuliwa na wateja ni kusambaza. Ruta, televisheni au gari lenye kompyuta ndani ni kusambaza. Hata msimbo wa JavaScript unaotumwa kwenye kivinjari cha mgeni wa tovuti ni nakala iliyotoka nje, jambo ambalo timu nyingi za tovuti hazijawahi kulifikiria.

AGPL iliandikwa ili kuziba mwanya mmoja: huduma ya mtandaoni inaweza kutumiwa na watu wa nje bila nakala kutoka. Kwayo, ukiubadilisha msimbo na kuwaruhusu watu waitumie programu kupitia mtandao, unadaiwa kuwapa watumiaji hao msimbo, hata kama hukuwapa nakala. Kwa sababu hiyo kampuni zinazoishi kwa huduma za mtandaoni huiogopa. Google imeweka wazi katika sera zake kwamba wafanyakazi wake hawaruhusiwi kutumia msimbo wa AGPL kazini.

Leseni za ruhusa pana nazo huvunjwa kila siku, kwa uzembe tu. Ukifungua mipangilio ya simu yako utakuta mahali fulani ukurasa mrefu wa leseni za programu huria, majina na majina. Ukurasa ule haukuwekwa kwa mapambo. Ndiyo malipo pekee ambayo MIT na BSD zinadai, na kampuni ambayo haijui ilichotumia haiwezi kuuandika. Kuna pia msimbo uliowekwa hadharani bila leseni yoyote. Huo si huria. Kisheria, kisichotolewa ruhusa kimebaki na mwenyewe, na kuuchukua ni kuchukua mali ya mtu.

Kuna wanaodhani haya hayafiki mahakamani. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer iliyohusu programu ya kuendeshea reli za mfano, iliamua kwamba kukiuka masharti ya leseni huria kunaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki, si suala la mkataba pekee. Februari 2024 mahakama ya rufaa ya Paris iliiamuru kampuni ya simu ya Orange kuilipa kampuni ndogo ya Entr'ouvert mamia ya maelfu ya yuro kwa kuitumia maktaba yake ya GPL ndani ya mfumo uliouzwa kwa serikali ya Ufaransa bila kufuata leseni. Kesi hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi.

Sera ya kampuni juu ya leseni inaweza kutosha kwenye ukurasa mmoja. Zinazoruhusiwa bila kuuliza, zinazohitaji kuulizia kwanza, na zisizoruhusiwa, huku kila fungu likitaja aina ya matumizi: ndani, huduma ya mtandaoni, au bidhaa inayotoka nje. Jambo linaloiua sera ni ucheleweshaji. Msanidi mwenye kazi ya kukabidhi Ijumaa akiambiwa jibu litachukua wiki tatu, atanakili msimbo na kuubandika, na hapo hata mashine ya ukaguzi huenda isiuone. Sera isiyojibu ndani ya siku moja au mbili inawafundisha watu waaminifu kuficha.

Watu nyuma ya msimbo

Aprili 2014 dunia ilisikia jina Heartbleed, dosari iliyokuwa ndani ya OpenSSL kwa takriban miaka miwili. OpenSSL ndiyo iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, za mabenki zikiwemo. Baada ya mshtuko ikajulikana kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka na ulibebwa na watu wachache sana. Mashirika yenye mapato ya mabilioni yalikuwa yameegemea ukuta ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani anaukandika. Kampuni kubwa zilikusanyika chini ya Linux Foundation zikaunda mfuko wa kuisaidia miradi ya namna hiyo.

Miaka kumi baadaye uchovu wa mtunzaji ukageuzwa kuwa silaha. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia mradi wa xz, maktaba ya kubana mafaili iliyotunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Alisaidia kwa miaka zaidi ya miwili, huku majina mengine mtandaoni yakimshinikiza mtunzaji aongeze msaidizi kwa kuwa kazi inachelewa. Mwishowe akakabidhiwa funguo. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 akapenyeza mlango wa siri uliolenga kumwezesha anayeujua kuingia kwenye seva za Linux kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali. Mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake ya majaribio kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alifuatilia, na Machi 29, 2024 akautangazia ulimwengu. Matoleo yale hayakuwa yamefika kwenye mifumo mingi inayotumika kazini.

Mimi huisoma habari ya xz kama habari ya mtu aliyeelemewa kabla ya kuwa habari ya udukuzi. Kampuni inapoamua kutegemea maktaba fulani, maswali yafaayo ni yaleyale unayomuuliza mshirika wa kazi: mpo wangapi? Mara ya mwisho kutoa toleo ni lini? Mtu akiripoti mwanya wa usalama, anajibiwa baada ya muda gani? Ikiwa ni mtu mmoja na biashara yako imesimama juu yake, basi una hatari ambayo inapaswa kuandikwa na kugharimiwa kama hatari nyingine yoyote. Unaweza kumlipa, unaweza kumpa siku moja ya kila wiki ya mhandisi wako, au unaweza kujiandaa kuhama. Kukaa kimya nako ni uamuzi.

Kurudisha ulichorekebisha

Kuna sababu ya kibiashara kabisa ya kuchangia, na mara nyingi wakuu wa kampuni hawajaelezwa. Tuseme mhandisi wako amerekebisha dosari kwenye maktaba, na kampuni ikaamua kubaki na marekebisho hayo kwa siri. Mradi mkuu ukitoa toleo jipya, lazima uyapachike tena kwa mkono. Toleo linalofuata, tena. Baada ya miaka miwili una nakala yako iliyotengana na ile ya dunia, mtu mmoja tu anayeielewa, na mwanya wa usalama ukitangazwa wewe ndiye wa mwisho kuuziba. Marekebisho yakipokelewa na mradi mkuu, hutunzwa na wote.

Kikwazo huwa kwenye mkataba wa ajira. Katika nchi nyingi msimbo unaoandikwa kazini ni mali ya mwajiri, kwa hiyo mfanyakazi hana haki ya kuutoa bila idhini. Miradi nayo inataka uhakika kwamba anayetoa ana haki ya kutoa. Linux, baada ya kesi zilizoanza 2003 za kampuni ya SCO iliyodai msimbo wake umeingizwa humo, ilianzisha mwaka 2004 utaratibu mwepesi: kila mchango unabeba mstari wenye jina la mchangiaji akithibitisha kwamba ana haki hiyo. Miradi mingine inadai mkataba rasmi uliotiwa sahihi na kampuni. Suluhisho la kampuni ni kutoa idhini ya jumla kwa marekebisho madogo kwenye miradi iliyokwisha kukubaliwa, na kubakiza ukaguzi kwa mambo makubwa, kama kuufungua msimbo wa bidhaa nzima. Pasipo idhini hiyo, mtu mwenye mistari mitatu ya kurekebisha anaacha tu.

Leseni inapogeuka njiani

Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, zana ya kusimamia seva na huduma za wingu, kwenye leseni huria ya MPL na kuiweka kwenye leseni yenye vizuizi vya kibiashara. Machi 2024 Redis, wenye hifadhidata ya jina hilohilo, ilifanya jambo la namna hiyo. Elastic, wenye programu ya utafutaji ya Elasticsearch, ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka 2021. Kila mara sababu iliyotolewa ilifanana: kampuni nyingine, mara nyingi zenye huduma kubwa za wingu, zinauza kazi yetu bila kuichangia vya kutosha. Na kila mara jibu lilifanana: watu walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaanzisha tawi lao. Ndivyo walivyozaliwa OpenTofu, Valkey na OpenSearch. Elastic mwaka 2024 na Redis mwaka 2025 ziliongeza AGPL kama chaguo, yaani zilirudi kwenye uhuria kwa mlango mwingine.

Kampuni inayozitumia zana hizi haikuwa na kosa lolote, ila iliamka siku moja na kukuta sheria za nyumba zimebadilishwa. Dalili zilikuwepo kwa aliyetazama. Pale hakimiliki ya msimbo wote iko mikononi mwa kampuni moja, au wachangiaji wote wamesaini mkataba unaoipa kampuni hiyo haki ya kubadili leseni, basi leseni ya leo ni ya leo. Linux haiwezi kugeuzwa hivyo kwa sababu hakimiliki yake imetawanyika kwa maelfu ya watu. Miradi iliyo chini ya wakfu wenye wanachama wengi ina kinga zaidi, ingawa si kamili. Nani anamiliki, na nani anaweza kuamua peke yake: maswali hayo mawili yawe kwenye fomu ya tathmini kabla ya kujenga biashara juu ya zana yoyote.

Ofisi, au mtu mmoja

Kampuni kubwa zimeunda ofisi maalumu za programu huria. Google na Microsoft wanazo, na Tume ya Ulaya iliunda yake mwaka 2020. Ofisi kama hiyo hukaa katikati ya wahandisi, wanasheria na watu wa usalama, na mahali ilipopachikwa huitengeneza tabia yake. Ikiwa chini ya idara ya sheria huelekea kukataza. Ikiwa chini ya uhandisi huelekea kuwezesha, na kwa maoni yangu hapo ndipo pake, mwanasheria awe jirani wa karibu. Kwa kampuni zinazotaka kipimo, kiwango cha ISO/IEC 5230 kilichotoka 2020 kupitia mradi wa OpenChain kinaeleza mambo ya msingi ya utiifu wa leseni: sera iliyoandikwa, wahusika waliotajwa na kupewa mafunzo, orodha ya vijenzi, na njia ya mtu wa nje kuuliza swali akajibiwa. Baadhi ya kampuni huenda mbele na kuzitumia desturi za miradi huria kwa msimbo wao wa ndani, timu moja ikipeleka marekebisho kwa nyingine badala ya kuandika ombi na kusubiri robo mwaka. Ni desturi nzuri, na huwafundisha watu adabu ya kuchangia kabla hawajatoka nje.

Sheria nayo imeanza kuuliza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ustahimilivu wa mtandao ilianza kuwa na nguvu Desemba 2024, na wajibu wake mkuu utaanza Desemba 2027. Anayeuza Ulaya bidhaa yenye programu ndani, popote alipo, atapaswa kuwa na orodha ya vijenzi vyake, kuvichunguza kabla ya kuvitumia, vya huria vikiwemo, na akigundua mwanya kwenye kijenzi alichochukua, kumjulisha anayekitunza. Akiwa ameandika marekebisho, amshirikishe. Kwa mara ya kwanza sheria kubwa imemtambua mtunzaji kama mtu anayestahili kuambiwa.

Kwa kampuni ya watu ishirini, ofisi ni neno kubwa. Mteue mhandisi mmoja, mpe nusu siku kila wiki, na uandike jukumu hilo kwenye maelezo ya kazi yake ili lisimezwe na mengine. Wiki ya kwanza azalishe orodha ya vijenzi vya bidhaa moja tu, ile inayoleta fedha. Aipange kwa leseni, kisha aitazame upya akitafuta vijenzi ambavyo havijaguswa na mtu kwa miaka miwili. Atakuta viwili au vitatu ambavyo hakuna mwenzake anayevikumbuka. Aanze na hivyo, na barua yake ya kwanza iende kwa anayevitunza, kumuuliza anahitaji nini.